Bima ipo, mbona mdogo wangu anadaiwa dola 2,120?

KakaUmoja2
Habari zenu wakuu. Sijalala vizuri tangu Jumapili. Mdogo wangu yuko Columbus, Ohio, tangu Agosti, anatunza wazee. Kazini wanamkata dola 86 za bima kila baada ya wiki mbili. Mwezi jana alishikwa na tumbo usiku, akakimbizwa hospitali, wakampiga picha, wakakuta jiwe kwenye figo. Alitoa kadi ya bima, ikapokelewa, akarudi nyumbani akijua yamekwisha.

Sasa imekuja barua, amenitumia picha yake. Gharama 4,350. Punguzo 1,750. Bima imelipa 480. Mgonjwa anadaiwa 2,120. Kwa hela zetu za Kenya ni zaidi ya shilingi 270,000! Mama ameshafungua kikundi cha mchango cha WhatsApp, na mjomba ametuma 5,000. Mimi naona bima imemwibia mtoto wa watu. Daktari anataka arudi kwa kipimo kingine, lakini yeye anasema atangoja Januari apumue kidogo. Pale chini kuna neno, dedaktibo, dola 2,000. Aliyeishi huko anieleze polepole.

BiSaida_SouthB
Pole sana mwanangu. Nilikaa Minnesota miaka 11, na barua kama hiyo iliniliza mezani mwaka wangu wa kwanza.

Dedaktibo ni pesa unazotangulia kulipa wewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia. Fuata hesabu. Toa punguzo, ambalo bima ilikubaliana na hospitali, zinabaki 2,600. Katika hizo, 2,000 za kwanza ni zake. Zilizobaki 600 wakagawana: bima asilimia 80, yaani 480, na yeye 120. Ndiyo hiyo 2,120. Inauma, lakini hakuna aliyeiba.

Kilichonifanya niandike ni hilo la Januari. Asingoje! Bima nyingi za kazini zinaanza hesabu upya tarehe 1 Januari. Mwaka huu zile 2,000 zake zimeshatimia, kwa hiyo akifanya kipimo kabla ya Desemba kuisha atalipa sehemu ndogo tu. Akivuka mwaka anaanza sifuri. Mpigie leo saa kumi jioni, kwao itakuwa saa mbili asubuhi, aulize bima yake inafungua mwaka lini.

Kisha atazame juu ya hiyo karatasi. Kwa kawaida huandikwa wazi kwamba si bili. Ni maelezo ya bima tu, bili inatoka hospitali. Asilipe senti mpaka hiyo ifike na namba zilingane, na aombe mchanganuo wa kila kitu alichofanyiwa. Hospitali zisizo za faida zinalazimika kisheria kuwa na utaratibu wa maandishi wa kusaidia wenye kipato kidogo, na wengi hawaambiwi. Aombe fomu yenyewe. Mimi sikuuliza. Nililipa kwa kadi ya mkopo, riba ikanifuata miaka miwili.

Kijana_Rongai
Sasa hiyo bima ni ya nini? Si aifute tu, hizo 86 aziweke akiba?

BiSaida_SouthB
Usimshauri hivyo, tafadhali. Hata lile punguzo la 1,750 limetokana na kuwa na bima. Na uchunguzi wa kila mwaka na chanjo analipiwa bila kugusa dedaktibo, akitumia madaktari walio kwenye mtandao wa bima yake, yaani wenye mkataba nayo.

Wakala_Buruburu
Nauza bima hapa mjini mwaka wa tisa. KakaUmoja, ukipata ajali na gari lako lina bima kubwa, unalipa ekses kwanza, yaani sehemu yako ya gharama, sivyo? Ni kitu kile kile.

Kinachotuchanganya ni kwamba sisi tumezoea kinyume. Bima zetu za kampuni zinalipa tangu mwanzo, labda utoe mia chache pale mapokezi, halafu kikomo kinafika. Nimekaa na familia kwenye benchi la hospitali, 500,000 zimeisha na mgonjwa bado yuko kwa wagonjwa mahututi. Siku hiyo ndipo harambee inaanza. Kule kikomo kimewekwa upande wa mgonjwa. Kwa mwaka 2025 bima ya kawaida ya kazini haikuruhusiwa kumtoza mtu mmoja zaidi ya dola 9,200 kutoka mfukoni, kwa matibabu iliyoyagharamia ndani ya mtandao wake. Ya mdogo wako huenda iko chini ya hapo. Amwombe mwajiri kile kijitabu cha bima, atafute hiyo namba, aiandike mahali.

KakaUmoja2
Nimeongea naye jana karibu saa nzima. Bima yake inaanza Januari kweli, kama Bi Saida alivyosema. Amepata nafasi ya kipimo tarehe 9 Desemba. Karatasi ile imeandikwa kwa herufi kubwa kabisa kwamba si bili, sote tulikimbilia namba ya chini. Hospitali imemtumia fomu ya msaada, wanataka hati zake za mshahara, leo anazikusanya.

Mama amekubali kusimamisha mchango. Nilimrudishia mjomba 5,000 zake kwa M-Pesa, akazituma tena dakika hiyo hiyo, anasema zikae mpaka bili ya hospitali ifike. Bi Saida, nikiipata nitakutumia uipitie kabla hajalipa. Ahsante mama.

BiSaida_SouthB
Nitumie, hata ikiwa usiku.