Boksi la mama limezuiliwa: kwenye fomu niandike volti gani?

Wa Langoni (Columbus):
Assalaam aleikum watu wa Amu (Lamu). Boksi nililomtumia mama leo lina siku ya 19 ofisini. Ndani mna mashine ya kupima presha, ruta ya mdogo wangu, na adapta zao. IDF (fomu ya kutangaza mzigo unaoingia nchini) imeshapita, wakala wa forodha ameshalipwa. Sasa karani kaigeuza adapta ya presha, kasoma OUTPUT 6V, akamwambia wakala: "Hii ni ya volti 6, Kenya ni 240, haifai." Kwenye fomu, penye "Volti", niliandika 6, kaizungushia kalamu nyekundu na kuirudisha. Niandike 6 au 240? Na COC (cheti cha kuthibitisha ubora) ya vitu viwili vya nyumbani naipata wapi? Jibuni upesi, mama kila akitaka kupimwa presha hutembea hadi hospitali na jua lote hili.

Bin Matondoni (Toronto):
Wa aleikum salaam, pole sana ndugu yangu. Mimi mwaka juzi walinizuilia feni, ati haina pini tatu za mraba. Nikanunua kile kiplagi cha kubadilishia pini, feni ikatoka. Ilipofika Matondoni ikachomekwa, ikavuma kama ndege ya Manda, nusu dakika moshi. Ilikuwa ya 120. Kiplagi kile hubadilisha umbo la pini tu, umeme hupita vile vile ulivyokuja.

Fundi wa Mkomani (Leicester):
Kaka, ameuliza adapta, hakuuliza feni. Ile karatasi ya mgongoni ina mistari miwili. INPUT ni inachokula adapta ukutani, OUTPUT ni inachokipa kifaa. Karani kasoma wa pili akidhani ni wa kwanza. Wa Langoni, tusomee INPUT. Ikiwa 100-240V 50/60Hz, Marekani sawa na Kenya sawa. Ikiwa 120V 60Hz peke yake, nayo nzito mkononi kama jiwe, ndani mna transfoma. Mama asiichomeke kabisa. Kwa 240 itaipa mashine karibu volti 12 badala ya 6 kabla haijaungua yenyewe.

Wa Langoni:
Wakala katuma picha. Ya ruta: INPUT 100-240V, OUTPUT 12V 1A. Ya presha: INPUT 120V 60Hz, OUTPUT 6V 500mA. Lo! Kumbe ningemuunguzia mama. Lakini fomu niandike nini?

Mama wa Shela (Muscat):
Mimi si fundi lakini ya ruta nimeyaonja. Adapta ya bibi yao kule Shela ilipotea, jirani akatoa yake, kichwa kikaingia sawasawa. Taa zikawaka zote. Lakini intaneti yakatika, yarudi, yakatika. Mwezi mzima twatukana kampuni ya watu. Kumbe adapta ni ya 9V na ruta yataka 12. Kichwa kuingia si hoja. Na ampea nazo zikizidi huunguza, mjihadhari.

Fundi wa Mkomani:
La, dada. Volti ndizo zilingane. Ampea zikizidi haziunguzi kitu: ruta ya ampea 1 ukiipa adapta ya ampea 2 itachukua moja yake tu. Zikipungua ndiyo tabu, adapta hupata moto hadi plastiki inanuka. Tusiandike tusilolijua, kuna mtu atatupa adapta nzima.

Mama wa Shela:
Niliyoyaona nimeyaona kwa macho yangu. Wewe ulikuwepo Shela?

Bin Matondoni:
Kutupa nimeshatupa. Ya redio ya babu imeandikwa 12V, nikaipima kwa mita ikasoma 16. Na mbona hamtaji kile kichoro cha duara chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa? Volti zaweza kulingana, lakini kama katikati ya kichwa pako kinyume, kifaa kwaheri.

Fundi wa Mkomani:
La duara umesema kweli. La redio umetupa kitu kizima. Zile nzito za zamani hazina kidhibiti cha volti. Bila mzigo husoma juu, ukiunga redio hushuka. Hizi nyepesi za leo ndizo zisome 12 hata zikiwa zimekaa bure.

Mpwa wa Faza (Minneapolis):
Mwanikumbusha jenereta za dizeli za kwetu. Stima ikikatika magharibi, muyi mzima wasikia watoto "aaaah!", halafu kimya, wasikia punda tu na adhana isiyo na spika. Hapa kwangu friji halinyamazi hata usiku. Kisha wakaja kutwambia mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, huko huko Lamu, ndio utatupa umeme! Alhamdulillahi leseni yake ilifutwa Juni 2019.

Bin Matondoni:
Na kazi za vijana zikafutwa nayo, hilo husemi.

Mpwa wa Faza:
Mikoko na samaki ungewatia kwenye boksi uwapeleke Toronto?

Mama wa Shela:
Siasa pelekeni barazani. Kwani yule mtoto wa watu ameshajibiwa?

Wa Langoni:
Sijajibiwa. Jana nimempigia mama kumweleza habari za adapta. Akacheka. Asema waibakishe adapta yao, wampe mashine tu: ya jirani yake ni hiyo hiyo, na hutiwa betri nne za dukani. Moja na nusu mara nne, sita hizo. Leo siku ya 23, na fomu ingali mbele yangu. 6 au 240?