Dalali wa Mombasa ametuuzia Peugeot 504 yenye namba mbili za chasisi, gari limezuiwa mpakani Lunga Lunga

Wakuu, naandika nikiwa Tanga, nina hasira na sijalala vizuri siku ya tatu leo. Mods naomba uzi huu muuache, majina ya watu sijaweka.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 steshen wagoni, ile ndefu yenye safu tatu za viti, injini cc 1,971. Mzee wangu aliendesha Pijo kama hiyo ya abiria, Tanga–Lushoto, akipanda kona za Soni na watu wamejaa na mizigo kwenye keria. 504 zilichukua Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na mzee anavyozisimulia utadhani alikuwa ndani. Nimejinyima miaka minne ili ashike usukani wake tena kabla macho hayajamtupa mkono.

Dalali nilimpata Mombasa. Nikatoa kishika uchumba, shilingi za Kenya 60,000, nikamwomba jambo moja tu: nipigie picha ya namba ya chasisi sehemu mbili, kwenye kibati cha namba na pale ilipogongwa kwenye bodi. Akatuma ya kibati. Ya pili akasema imefunikwa na grisi, "we njoo tu kaka, gari safi, la mzee mmoja alikuwa analiendea msikitini." Nikauliza tena, jibu lile lile. Akaniunganisha na wakala wa forodha, naye akala hela yake na kusema karatasi zote amezipitia, na gari la ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki halilipi ushuru.

Uongo mtupu. Gari lililotumika likitoka Kenya halisamehewi kwa sababu lina namba za Kenya. Kuna ushuru wa forodha 25%, kuna VAT 18%, na lililozidi miaka minane linaongezewa na wa uchakavu. Hilo ningelimeza, akiba ilikuwepo. Linaloniuma ni kwamba nilimlipa mtu kwa sababu yeye ndiye anayejua, akatumia kujua kwake kunidanganya.

Tulikwenda watatu: mimi, fundi wangu wa Ngamiani na jamaa niliyesoma naye. Jumamosi asubuhi tukamalizia hela, jumla 380,000 za Kenya, tukavuka feri ya Likoni. Mpaka Ukunda lilitembea vizuri sana, hilo siwezi kulikataa. Fundi kanyamaza anasikiliza injini, jamaa kule nyuma anaimba. Tulipofika Msambweni mshale wa joto ukaanza kupanda. Tukaegesha chini ya mwembe, tukasubiri lipoe, fundi akafungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa. Akachovya kidole, akanusa, akaninyooshea na mimi ninuse. Bizari! Maji ya njano kama mchuzi. Walimwaga bizari ya manjano kuziba matobo ya rejeta ili gari litoke tu mikononi mwao.

Tukawa tunasimama kila baada ya muda kuongeza maji, Lunga Lunga tukafika jioni. Afisa tuliyemkuta alituheshimu na akafanya kazi yake. Akaangalia kadi, akaangalia kibati, vinalingana. Halafu akatuonyesha kwa ncha ya kalamu: kibati kimechakaa, maandishi yamefifia, lakini ribiti mbili zilizokishikilia ni mpya, zinang'aa. Akataka namba iliyogongwa. Fundi akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akasugua. Grisi yenyewe laini, imepakwa juzijuzi, si uchafu wa miaka. Namba zikaanza kutokeza moja moja, mimi nazisoma kwa sauti huku jicho liko kwenye kadi. Zilipobaki tarakimu nne nikanyamaza. Kwenye kadi inaishia 2906. Kwenye bodi inaishia 7418.

Gari limezuiwa mpaka ijulikane bodi ni ya nani. Mimi nimerudi Tanga kutafuta hela. Kutoka Horohoro, ng'ambo ya Lunga Lunga upande wa Tanzania, mpaka mjini ni kama kilomita 65 za lami, mwendo wa saa moja hivi. Saa moja! Mzee kila jioni anauliza limefika wapi. Fundi amebaki nalo, analala ndani, na watoto wake wananipigia mimi kumuulizia baba yao.

Dalali amekula kamisheni kwangu na kwa muuzaji. Jumapili alipokea simu mara moja tu, akasema, "kaka, ulilikagua mwenyewe ukalikubali." Ndiyo, nililikagua. Nilikiamini kibati kwa sababu namba nyingine yeye aliificha. Sasa hapokei, meseji anasoma. Wakala kazima simu kabisa. Nimefungua jalada polisi, na sauti za dalali za WhatsApp ninazo zote, pamoja na ile ya grisi. Radhi yake siihitaji. Nataka 380,000 zangu zote, na siku za kazi alizopoteza fundi wangu zilipwe.

Na kama wewe, popote ulipo, uliwahi kuibiwa 504 steshen wagoni, rangi ya juu nyeupe lakini ukikwangua ndani ya mlango wa nyuma unakuta bluu, namba iliyogongwa inaishia 7418, njoo PM. Bodi yako iko Lunga Lunga na fundi wangu analilinda gari usiku na mchana.