Draiva ya kadi ya grafiki inakufa kila nikirenda video au nikicheza gemu, nimepiga Windows mara tatu bado

Mpiga Harusi
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijairusha hii mashine dirishani. Mimi ni mpiga video wa maharusi, niko Mbagala, mwezi wa pili sasa nimejiundia PC mwenyewe kwa kuokoteza vifaa kimoja kimoja Kariakoo. Ryzen 5 3600, madabodi ya B450, RAM 16GB yaani mbili za 8, SSD ya 500GB, na kadi ni RX 580 ya 8GB used. Pawa saplai mpya kabisa 700W, ilikuja na taa za rangi rangi.

Shida iko hivi, nikiangalia YouTube au nikikata video kawaida iko poa hata siku nzima. Ngoja sasa nianze kurenda, yaani kuitoa video iliyokamilika, kwenye DaVinci Resolve, au nifungue GTA V nipunguze mawazo, dakika kumi na kitu hivi skrini inakuwa nyeusi, sauti inaendelea sekunde mbili tatu, halafu picha inarudi na kiujumbe cha AMD kwamba draiva imechelewa kujibu, gemu lishajifunga. Siku nyingine hata ujumbe hamna, mashine inajirestati tu kama mtu kachomoa waya ukutani. Nikiingia Event Viewer, ile kumbukumbu ya makosa ya Windows, naona 4101 (draiva imeacha kujibu) zimejaa kama utitiri na Kernel-Power 41 (mashine imezima ghafla) kadhaa.

Nimeweka draiva mpya, nikaweka ya mwaka juzi, nikapiga Windows mara tatu. Joto la kadi halivuki 74. Video ya watu inatakiwa Ijumaa na mama wa bwana harusi ameanza kunipigia simu saa kumi na mbili asubuhi.

Shemeji wa RAM
Mkuu hizo draiva ulivyozibadilisha ulizifuta vipi? Maana ukifuta kwenye Control Panel tu yanabaki makapi. Tafuta DDU, programu ya kufuta draiva mpaka mizizi, ni ya bure. Pakua kwanza draiva unayoitaka iweke pembeni, chomoa intaneti kabisa, waya na wifi, washa kwa Safe Mode, DDU ifute kila kitu, restati, weka draiva yako, ndo urudishe neti. Intaneti usipoichomoa Windows Update inakimbilia kuweka draiva yake kabla hujaweka yako mnabaki mnagombania.

Mchimbaji Mstaafu
RX 580 used? Pole sana. Ethereum walivyoacha uchimbaji Septemba 2022 hizi kadi zilimwagwa sokoni kama dagaa, nyingi zimekesha miaka zinawaka usiku na mchana. Nilikuwa nazo sita mwenyewe najua. Wachimbaji walikuwa wanabadili BIOS ya kadi, yaani kile kiprogramu kilichomo ndani ya kadi yenyewe, memori inapandishwa spidi na taimingi zinakazwa, kwa kuchimba inavumilia ila ukiipeleka kwenye gemu inakata. Angalia ubavuni mwa kadi kama kuna kaswichi kadogo, baadhi zina BIOS mbili, sogeza upande wa pili ujaribu, ila mashine iwe imezimwa. Pia fungua GPU-Z, programu inayoonyesha undani wa kadi, uone shaders (viini vyake vya kuchora) ni 2304 au 2048. Ikiwa 2048 hiyo ni ile toleo la China, si mbovu ila uliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mpiga Harusi
DDU nimefanya jana usiku kama ulivyosema @Shemeji wa RAM, step kwa step. Imekata dakika ya 12 badala ya dakika ya 10, sijui niseme ni maendeleo. GPU-Z inasema 2304. Kaswichi sikioni.

Dada Fundi Tanga
Kaka, Mchimbaji kaongea ukweli kuhusu BIOS ila kwako sidhani. BIOS ikishachezewa draiva ya kawaida ya AMD huwa inaigomea, kwenye Device Manager unakuta pembetatu ya njano na Code 43, mpaka draiva nayo ichezewe ndo ikubali. Wewe umepiga Windows mara tatu na draiva inaingia bila ugomvi, kwa hiyo BIOS hiyo kwa hesabu zangu ni ya kiwandani.

Sasa soma mwenyewe ulichoandika. Kazi ndogo iko poa. Kazi nzito inakufa. Joto zuri. Na mara nyingine mashine NZIMA inazima. Draiva ikifeli yenyewe inakuletea skrini nyeusi, ujumbe, au ile skrini ya bluu, haikuzimii mashine kimya kimya kama umeme umekatika. Mjumbe hauawi jamani, draiva ndo mjumbe hapo, anakwambia kadi imeacha kujibu na wewe unamfukuza unaleta mjumbe mwingine, mara tatu.

Naomba vitu viwili. Fungua kava usome lebo ya hiyo pawa saplai, sitaki ile 700W ya mbele, nataka amp za +12V. Na uniambie waya unaoingia kwenye kadi umetokea wapi.

Jini la Rejista
Mnamzungusha bure tu. Aingie regedit, kwenye rejista ya Windows, aongeze TdrDelay aweke 10, yangu ilipona hivyo hivyo.

Dada Fundi Tanga
@Jini la Rejista kwa kawaida Windows inaisubiri kadi sekunde 2, isipojibu inaiua draiva na kuiwasha upya. Ukiweka 10 unaiambia isubiri kumi. Kama kadi ilikuwa imebanwa na kazi nzito tu sawa, itapona kama yako. Kama kadi imekosa pumzi unakuwa umemuongezea marehemu sekunde nane za kulala mapokezi.

Kijana wa Likoni
Ndugu zangu msisahau stima yenyewe. Hapa kwetu jioni watu wakirudi nyumbani wakawasha vyuma vya nguo na makoka, voltage inashuka mpaka balbu unaiona yabadilika rangi. Hizi pawa saplai za bei rahisi zenye kile kiswichi chekundu cha 115/230 nyuma hazivumilii, zile nzuri huchukua chochote kati ya 100 na 240 zenyewe. Na TAFADHALI usije ukakisogeza hicho kiswichi kwenye 115 ati umeme ni mdogo. Binamu yangu alifanya hivyo, ilipiga kama fataki za Idi, nyumba nzima ikanuka.

Mpiga Harusi
Kiswichi chekundu ninacho 😅 sikigusi.

Lebo nimesoma kwa tochi ya simu. Inasema +3.3V 28A, +5V 30A, +12V 18A, -12V 0.5A, +5VSB 2A. Halafu pembeni kwa maandishi makubwa 700W.

Waya wa kadi... pawa saplai haikuwa na ule wa pini 8, muuzaji akanipa adapta, inachukua viplagi viwili vya SATA kama vile vya kwenye hadi diski inatoa pini 8. Alisema ndo zinavyotumika siku hizi.

Dada Fundi Tanga
ZIMA hiyo mashine.

Zima kwanza halafu tuendelee. Hesabu ya lebo ni kuzidisha tu: 18A mara 12V ni 216W. Hiyo ndo yote ya 12V, na prosesa na kadi vyote vinakula hapo. Ile 5V na 3.3V zinalisha vitu vidogo. Na hata ukijumlisha mistari yote mitano ya hiyo lebo unapata 474 na vipande, hiyo 700 waliitoa wapi wanajua wenyewe. Hizo ni watt za soda.

Sasa RX 580 kwa kiwango cha AMD ni 185W, na hizi za kampuni nyingine zilizopandishwa spidi zinazidi. Ryzen 5 3600 wanaiandika 65W ila ikikazana inaruhusiwa mpaka 88W. 185 na 88 ni 273, bado feni na diski. Unamdai 273 mtu ambaye mfukoni ana 216, na hiyo 216 yenyewe ni ya kwenye lebo. YouTube haifiki hata nusu ya hapo ndo maana iko poa.

Adapta sasa. Plagi ya SATA ina pini tatu za 12V, kila moja 1.5A, jumla 4.5A, yaani 54W. Mbili ni 108. Pini 8 ya kadi inaruhusiwa kuvuta 150W. Na mara nyingi plagi zote mbili zimechomekwa kwenye waya mmoja huo huo unaotoka pawa saplai. Chomoa uiangalie.

Mpiga Harusi
Wakuu nimechomoa. Haikutaka kutoka, nimevuta mpaka nikatumia koleo. Plagi moja iko sawa, ya pili plastiki nyeupe imekuwa kahawia kama ugali ulioshika sufuria, na pini mbili zimezama ndani. Nikainusa. Ile harufu nilikuwa naisikia wiki nzima nikajua ni jirani anachoma taka.

Nimeishiwa pozi.

Mchimbaji Mstaafu
Aisee ungelala nje. Kwa heshima zote Dada Fundi, nimekubali. Kwenye mashine za kuchimba hizi adapta za SATA ndo zilikuwa zinachoma watu vibanda, sijui nilisahau vipi kuuliza.

Jini la Rejista
Ok ila bado sijaona uthibitisho kwamba ndo inaua draiva, plagi kuungua na draiva kufa vinaweza kuwa vitu viwili tofauti.

Dada Fundi Tanga
Hoja yake si mbaya, kipimo kipo. Kaka, usirudishe hiyo adapta, hata kwa dakika mbili. Azima pawa saplai ya mtu yenye waya wake halisi wa pini 8, ikikaa saa nzima unarenda tumemaliza ubishi.

Kwa wengine mnaosoma, ambao waya wenu ni mzima ila mna wasiwasi na pawa saplai: nenda kwenye AMD Software, sehemu ya Tuning, shusha power limit (ukomo wa umeme wa kadi) mpaka -25, na gemu ulifunge 60 fps. Ikikata mara kumi kwa siku halafu ghafla ikatulia, umeshapata jibu bila kununua chochote. Au chukua multimita, mweusi kwenye waya mweusi na mwekundu kwenye waya wa njano wa molex, soma ikiwa imetulia halafu soma ikiwa imekaza. Inatakiwa isishuke chini ya 11.4. Zile namba za 12V kwenye programu msiziamini sana.

Mpiga Harusi
Mrejesho, samahani kwa kimya, nilikuwa nakimbizana na Ijumaa.

Kwanza multimita nimeazima kwa fundi simu hapa chini. Kadi nimeitoa nikaweka kikadi cha zamani cha jirani kisichochomekwa waya wowote ili nipate picha, nikapima ile 700W mashine ikiwa imetulia, 11.9. Nikaikazia prosesa peke yake kwa Cinebench, programu ya kuipima, ikashuka 11.3 nikiwa naangalia kwa macho yangu. Hapo RX 580 haipo hata kwenye kava! Fundi simu akacheka akasema hii ni feni yenye taa.

Pili nimenunua pawa saplai used ya 550W, 12V yake imeandikwa 45A, ina waya wa pini 8 uliotoka humo humo ndani bila adapta. Laki na ishirini, imeniuma, ila ni nzito mpaka mkono unashuka, ile ya taa nilikuwa nainua kwa vidole viwili. Nikarudisha RX 580, draiva ile ile, Windows ile ile, sijagusa kitu. Nimerenda harusi ya saa mbili na nusu usiku kucha. 4101 hamna hata moja. GTA sijapata muda.

Ila imekata mara moja Jumamosi nikiwa nimefungua Resolve na Chrome ya tabo kama arobaini, iliganda tu haikuzima.

Shemeji wa RAM
Hapo sasa ndo nirudi mimi na jina langu 😂 XMP, ile seti ya kuipandisha RAM spidi, umewasha?

Mpiga Harusi
Ndio, 3200.

Shemeji wa RAM
RAM ulizinunua pamoja kwenye boksi moja au uliokoteza moja moja kama ulivyosema?

Mpiga Harusi
Moja moja...

Shemeji wa RAM
Shusha 2933, piga MemTest86, kipima makosa ya RAM, usiku kucha. Ikitulia achana nayo, kwa kurenda hutaona tofauti. Na hiyo pawa saplai ya taa usije ukaiuza kwa mtu.

Mpiga Harusi
Nimemwachia fundi simu, anataka feni na zile taa. MemTest nimeweka jana, raundi nne kwa 2933 bila kosa. Dada Fundi Tanga Mungu akubariki, ukija Dar video ya harusi yako au ya mwanao ni bure.

Dada Fundi Tanga
Nimeshaolewa kaka, ila nina wadogo zangu watatu, nakuwekea ahadi hapa hapa mbele ya mashahidi.

Mgeni_2210
Samahani wakuu nafufua uzi, na mimi nina adapta kama hiyo ya SATA kwenye GTX 1070, lakini yangu haijawahi kukata hata siku moja, kuna harufu kidogo tu. Niendelee nayo mpaka mwisho wa mwezi?

Dada Fundi Tanga
Zima kwanza, halafu ndo unijibu hii: unaandika ukitumia mashine hiyo hiyo?