Mrejesho: wakala wa akili mnemba na oda za hisa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza hapa namna ya kuandika maelezo ya zana ya kutafutia oda kwa dalali wa hisa, yaani kipande cha programu ambacho wakala wetu wa akili mnemba (programu inayowajibu wateja) hukitumia kuangalia agizo la hisa limefikia wapi. Wakala huyo alikuwa akimwambia mteja oda imekamilika, kumbe hisa zilizopatikana ni nusu tu.

Ahsanteni sana. Kilichofanya kazi ni kueleza kila hali ya oda kwa sentensi yake. Sasa tumeandika: "Imejazwa kwa sehemu: taja hisa zilizopatikana na zilizobaki, usiseme imekamilika." Tulimjaribu wakala kwa oda ya hisa 500 iliyojazwa 200, akajibu sawasawa. Na kuandika wazi kwamba zana hii haiweki oda wala haifuti kumemtuliza. Kwangu hilo ndilo kubwa zaidi.

Saa bado zinasumbua. Zana inarudisha saa za UTC (saa za kimataifa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3), na hata tulipoandika "ongeza saa 3" bado hukosea tarehe, hasa oda za soko la Marekani zinazovuka saa sita usiku kwetu. Fundi wetu hapa Unguja anageuza saa ndani ya zana yenyewe.

Dada wa Wete uliyependekeza mfano wa jibu kwa kila hali, Mungu akuzidishie.