Mjadala: Jangwani iachiwe maji iwe bustani, au tujenge kuta?

MwanaMipango:
Wakuu, tulijadili hili kwa utulivu. Mradi wa Bonde la Msimbazi hapa Dar es Salaam, huu wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa 2022, unataka mto ufukuliwe kuanzia Barabara ya Kawawa kushuka hadi Daraja la Salenda, pembeni panyanyuliwe kwa kifusi, katikati pabaki wazi pawe bustani ya jiji. Mvua kubwa ikija bustani inazama, maji yakiondoka watu wanarudi kupumzika. Mimi naunga mkono. Mpango wa jiji wa 1979 ulishasema mabonde haya si ya kuishi watu. Maji lazima yapate pa kutulia kabla ya kuingia baharini. Swali: bustani inatosha, au kuta zinahitajika? Halafu safari hii watu wahame kweli, maana waliohamishwa bondeni 2012 walipewa viwanja Mabwepande, wakauza, wakarudi bondeni.

BintiSuna:
Kaka, hapo mwisho umenichoma. Nani aliuza? Desemba 2011 mimi nilikuwa kidato cha pili, Magomeni Suna. Maji yaliingia usiku, mama akapandisha cherehani juu ya kabati, kabati likaelea. Tukakesha juu ya bati na wapangaji wenzetu. Asubuhi alama ya tope ilikuwa juu ya swichi ya taa. Watu zaidi ya 40 walikufa jiji zima, wewe unakumbuka viwanja tu? Sisi tulikuwa wapangaji, jina letu halikuonekana kwenye orodha yoyote. Kiwanja ningeuza kipi?

Fundi wa Kigogo:
Pole dada. Lakini hoja ya msingi ni kwamba kuta haziwezi. Mto ukiubana Jangwani unapanda Kigogo, ukiubana Kigogo unapanda Vingunguti. Tuache uwanda wazi.

Mzee wa Boko:
Mabwepande nakujua, ni huku kwetu nyuma ya Bunju. Wapo waliouza, nisiseme uongo. Wapo pia walioanza na mahema, leo wana nyumba na migomba. Waliouza wengi walikuwa watu wa Kariakoo: mbeba mizigo, mama wa maandazi. Nauli ya kwenda na kurudi ilimaliza faida yote. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

MwanaMipango:
Shikamoo mzee. Nimesema wengi, sikusema wote.

BintiSuna:
Hukusema hata wengi. Umesema "wakauza, wakarudi". Rudi usome ulichoandika.

Kijani na Njano:
Jamani, na klabu yetu pale Twiga na Jangwani? Uwanja wa Kaunda umegeuka bwawa kila masika. Hilo daraja jipya la Jangwani likimalizika maji yataelekezwa wapi, kwetu?

Fundi wa Kigogo:
Yanga watafute uwanja mwingine. Hata karakana ya mwendokasi ilijengwa palepale Jangwani, mabasi yakazama, sote tuliona. Maji hayaangalii nani mwenye jezi gani.

Kijani na Njano:
Klabu ipo pale kabla hujazaliwa. Usituamuru.

Mkazi wa Pugu:
Naomba niwarudishe juu kidogo, maana mnazungumza kama mto unaanzia Magomeni. Msimbazi unaanzia huku kwetu, vilima vya Pugu. Nilipokuwa mdogo mkondo ulikuwa na matete, maji meupe, tunachota. Sasa vilima vimekatwa viwanja, hakuna mti, hakuna nyasi, udongo ni mchanga mtupu. Mvua ya saa moja inashusha mlima. Shukeni Kinyerezi na Ulongoni mkaone: vijana wana koleo, fuso linarudi nyuma hadi ndani ya mto, wanachimba kwenye kingo kwa sababu ndiko mchanga safi uliko. Kingo inaanguka, nyumba inafuata, daraja linafuata. Udongo wote huo unakwenda kulala wapi? Jangwani, pale mto unapopoteza mwendo. Mnaweza kufukua mwaka huu mkaweka na mabenchi, lakini huku juu pakibaki hivi, baada ya masika chache benchi litakuwa chini ya tope. Hilo la Mabwepande mngeliacha kwanza.

MwanaMipango:
Hili ndilo nililotaka tujadili. Asante.

BintiSuna:
Silali na hili la Mabwepande, naomba nilimalize. Mkazi wa Pugu amesema kweli tupu, lakini angalieni: aliyekata kilima hajaitwa mvamizi. Mwenye fuso hajaitwa mvamizi. Mvamizi ni mama yangu aliyepanga chumba kimoja kwa sababu ndicho alichomudu.

Fundi wa Kigogo:
Dada, sheria ni sheria. Hakuna kujenga ndani ya mita 60 kutoka mtoni, Sheria ya Mazingira ya 2004. Ndiyo maana X nyekundu za kubomoa nyumba zilipigwa Mkwajuni na Jangwani mwishoni mwa 2015. Hatuwezi kujenga bustani juu ya vyumba vya watu.

MwanaMipango:
Nimesoma tena nilichoandika. Dada, la kuuza naliondoa, nilisema kwa jumla na nimekukosea. La mita 60 siliondoi.

BintiSuna:
Nimepokea kaka. Sasa nijibu, wewe au fundi: hizo mita 60 zinapimwa kutoka mto upi? Nyumba tuliyopanga ilikuwa na uwanja mbele, halafu mwembe wa mwenye nyumba, halafu banda la kuku, halafu njia ya watu, ndipo mto. Mwaka baada ya mwaka kingo ilimeguka. Banda likaenda, njia ikaenda. Mwembe ulianguka masika moja na mizizi yote, ukabaki umelala katikati ya maji, watoto wakautumia kama daraja. Walipokuja wapimaji na kamba, walianzia pale maji yalipokuwa siku hiyo.

Mkazi wa Pugu:
Huku juu ni vilevile. Kuna nyumba Ulongoni zilijengwa mbali na mto, leo choo kinaning'inia.

Fundi wa Kigogo:
Hapo mmenipa kazi. Nitauliza kama mradi unapima kwa mto wa leo au kwa ramani ya zamani. Dada, huo mwembe ulikuwa upande wa shule au upande wa msikiti?

BintiSuna:
Msikiti.