Ushauri: ninunue PS5 kwa kibanda, ama nibaki na PS4 zangu?

KibandaMlaleo
Assalam alaikum, na hamjambo nyote. Naomba ushauri kwa wenye vibanda vya gemu na mafundi wa hapa Mombasa. Nina kibanda Mlaleo, mashine zote ni PS4 (PlayStation 4). Mechi Sh20, aliyefungwa anainuka. Pato si baya: mchana watu wa bodaboda wanaosubiri wateja, jioni wanafunzi, na Jumapili mpaka nifukuze watu.

Sasa kumefunguliwa kibanda kingine karibu na stendi, kina PS5 na kiyoyozi. Vijana wangu wameanza kuhama. Akiba ya PS5 moja ninayo, ya pili nitaitafuta baadaye, lakini kila nikitaka kutoa pesa nasita, na si kwa ajili ya bei peke yake.

Kinachonikera ni jinsi gemu zenyewe zilivyogeuka. Zamani ulinunua diski, ukaitia, watu wakacheza. Ikikuchosha unaiuza Mwembe Tayari ama unabadilishana na mwenzio. Leo natia diski mpya, mashine inataka apdeti ya makumi ya GB kabla mtu hajagusa padi. Wanaitoa gemu mbichi, kisha inamaliziwa kuiva kwa bando langu mimi. Ikifika Septemba, FC ya mwaka jana (gemu ya mpira ya EA, zamani FIFA) haina mwenyewe, na iliyokuja ni ileile, jezi tu na majina ya waliohama timu. Akaunti nayo lazima niifungue kama mtu wa Marekani, maana Kenya haimo katika nchi za PSN, mtandao wa PlayStation. Kwa hivyo chochote cha dukani kwao nakinunua kwa kadi za dola, na anayeniuzia kadi ana chake juu.

Basi niambieni. Kuna muuzaji ananisukumia PS5 isiyo na sehemu ya diski kwa kuwa ni rahisi. Niichukue? Na hawa watoto wanaoniletea pesa niwanunulie pointi za kufungulia pakiti za wachezaji, niwakubalie? Faida ipo ndani yake, lakini moyo unakataa.

FundiBondeni
Wa alaikum salaam. Isiyo na diski usiiguse. Riziki yako ni diski moja kuchezwa na mtaa mzima, na mashine hiyo imeundwa jambo hilo lisiwezekane. PS5 yenye diski inacheza karibu gemu zote za PS4, yaani kabati lako lote linahamia huko. Ukinunua hiyo nyingine, diski zako zinakuwa visahani vya kuwekea vikombe vya chai.

Muuzaji atakwambia kisoma diski utaongeza baadaye. Ni kweli, hizi nyembamba zilizoanza kuuzwa 2023 kinachomekwa kando, ila mara ya kwanza lazima mashine iingie mtandaoni ndiyo ikitambue. Na chenyewe kinauzwa, hakiji bure. Piga hesabu uone huo urahisi umebaki wapi.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni padi. Padi za PS4 zinafanya kazi kwenye PS5 kwa gemu za PS4 tu. Ukitia FC ya PS5 inakudai padi mpya, na wewe wajua mtu akifungwa dakika ya 90 padi inavyominywa. Mimi nazitengeneza, naona mwenyewe zinavyoletwa. Kwa hivyo bei ya padi iingize tangu mwanzo, si mashine pekee. Ama nunua FC toleo la PS4: bado hutolewa, FC 26 ipo. Itachezeka kwenye mashine zako zote mpya na kuukuu, kwa padi ulizo nazo.

Tena hata diski siku hizi si ya kuamini macho. Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022, ile ya PS5, ndani ya diski mlikuwa na takriban MB 70. Si GB, ni MB. Gemu yenyewe ukapakue. Kabla ya kulipia diski yoyote, uliza kama inaanza bila intaneti. Muuzaji akianza kuzungusha maneno, mwachie diski yake.

MzeeWaPES
Mimi niko Majengo na PS3 zangu na PES 2013, gemu ya mpira ya Konami. Wateja wangu watu wazima, wanakuja baada ya Isha, hakuna akaunti, hakuna apdeti, stima ikirudi tunaendelea tulipoachia. Konami ndio walionitoa katika mambo mapya. 2021 waliiua PES, wakaleta eFootball ya bure. Ilipotoka nyuso za wachezaji zilikuwa kama majini, dunia nzima ikawacheka, na Master League, ile ya kuongoza timu yako msimu hadi msimu, haikuwamo. Gemu ya mpira isiyo na Master League mimi naifanyia nini?

KijanaBamburi
Mzee, heshima zako, lakini watoto waliozaliwa 2012 hawaendi kucheza PES ya mwaka waliozaliwa. Wako ni wateja waliokwisha kukua. Mwenzetu wa Mlaleo anaishi kwa wanafunzi, na wanafunzi wanafuata kipya.

Tekken 8 ya 2024, gemu ya kupigana, haikuja PS4. Mortal Kombat 1 ya 2023 vilevile. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series pekee, na siku itakapotoka kibanda kisicho nayo kitafuga popo. Nunua, ndugu yangu, kabla mteja hajazoea njia ya kwa jirani.

Halafu tusiimbe wimbo wa kila kipya ni wizi. Baldur's Gate 3 ilitoka 2023 ikiwa kamili, haina duka la kuuza vikorokoro ndani. Stardew Valley, gemu ya kilimo, aliitengeneza mtu mmoja, ikatoka 2016, na mpaka leo waliolipa mara moja wanaongezewa vitu bure. Kibandani hazikufai (nani atalipa Sh20 amwagilie maboga?), lakini mjue wenye kazi nzuri bado wapo.

MamaTudor
Kwenye gemu simo, lakini hilo la pakiti naomba nilisemee. Mwanangu ana miaka 13. Kila nikimtuma dukani chenji hairudi sawa, mara imedondoka, mara mwenye duka hakuwa na sarafu. Nikaja kujua kuna kibanda kinamnunulia pointi za FC. Nilipomketisha anieleze ananunua nini hasa, akaniambia ananunua pakiti, na hajui atakachotoa mpaka aifungue. Mara nyingi anatoa wachezaji ambao yeye mwenyewe anawacheka. Na hata akimpata huyo Mbappé, ikija FC nyingine anaanza upya, timu yake haivuki naye.

Mimi hiyo naiita kamari. Ubelgiji waliamua hivyo 2018, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza hizo pointi nchini humo. Hapa kwetu mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti, lakini hii imevaa jezi, hakuna anayeishuku.

Mwenye kibanda, moyo wako usikie. Bandika karatasi mlangoni kwamba kwako pointi haziuzwi. Mimi nitakuletea wangu mwenyewe akacheze mechi zake za Sh20, angalau nazijua zinaishia wapi.

KijanaBamburi
Hapo kwa pakiti niko na mama.

KibandaMlaleo
Ahsanteni sana. Shikamoo Mama Tudor, karatasi itabandikwa leo leo. Fundi, swali moja. Nikinunua gemu kwenye duka lao la mtandaoni na siyo diski, wanaweza kweli kuniondolea baadaye? Huyu muuzaji anasema ukishalipa ni yako milele.

FundiBondeni
Milele ya nani? Unacholipia ni ruhusa ya kuicheza. The Crew ya Ubisoft ilitoka 2014, ni ya magari. Tarehe 31 Machi 2024 seva, yaani kompyuta za Ubisoft zinazoiendesha, zilizimwa, na kwa kuwa ilijengwa isiende bila seva, hata mwenye diski mkononi hawezi kuicheza, hata akitaka kuendesha peke yake barabarani. Ndipo ikazuka kampeni ya Stop Killing Games, ya kutaka gemu zilizouzwa zisiuliwe, na huko Ulaya ikapita saini milioni moja. Concord ya Sony ndiyo kiboko: iliingia sokoni Agosti 2024, wiki mbili baadaye ikatolewa. Hao angalau walirudisha pesa.

La karibu nawe zaidi ni hili. EA walipoachana na jina la FIFA wakaleta FC 24, mwaka 2023, zile FIFA za nyuma waliziondoa kwenye maduka ya mtandaoni. Ambaye hakuwa na FIFA 23 leo ataipata kwa diski tu. Zako usiziuze kwa pupa.

MzeeWaPES
Na mimi ndiye niliyeambiwa nimepitwa na wakati.

KibandaMlaleo
Haya, nimeona njia. Nachukua PS5 moja, yenye diski. Nitaiweka mbele pale wapita njia waione, nitie Tekken 8 na FC ya PS5, mechi iwe Sh30 kwa sababu ya padi. PS4 zibaki nyuma kwa Sh20 na FC ya PS4, na sinunui mpya kila Septemba, nitangoja ishuke bei. Apdeti nitazipakua usiku nyumbani kwa kakangu mwenye Wi-Fi, nitakuwa naibeba mashine kwa tuktuk.

KijanaBamburi
Sh30 watalia wiki ya kwanza, kisha watazoea. Ila usichelewe hiyo FC mpaka Desemba, vikosi vikiwa vya zamani wanakuhama hata kama kiti ni cha sofa.

FundiBondeni
Kuibeba kwa tuktuk kila mara utaua mlango wa HDMI, pale panapochomekwa waya wa TV, hiyo ndiyo kazi ninayoletewa zaidi ya zote. Iunganishe na simu usiku, bando la usiku ni nafuu, iache ipakue ikiwa imetulia mahali pake. Na ukienda kununua usilipe kabla haijawashwa mbele yako. Ikae dakika kumi, sikiliza feni, tia diski ya PS4 uone kama inasomwa. Nipo Bondeni mpaka magharibi, ukitaka nikusindikize.

KibandaMlaleo
Jumamosi basi, nikishavuka daraja la Nyali nitakupigia. Nije na diski gani?

FundiBondeni
Iliyokwaruzika kuliko zote. Ikiisoma hiyo, lipa.