5G ya GHz 28 mjini: inawezekana au ni maneno tu?

Mzee_wa_Swichi (Dar): Wakuu habari zenu. Kuna jamaa ofisini kanibishia wiki nzima eti Kariakoo yote itapata 5G ya mawimbi ya milimita, yaani hii ya masafa ya juu sana kama GHz 28, simu ivute gigabiti kwa sekunde. Mimi nikiangalia ghorofa zilivyobanana mtaa wa Msimbazi hadi mtaa wa Congo, naona haiwezekani. Mliowahi kuitumia, ikoje?

FundiNguzo (Minneapolis): Mkuu, ndiyo kazi yangu, nafunga antena hizo kwenye nguzo za taa. Kampuni ya simu ya Verizon waliiwasha hapa na Chicago Aprili 2019. Kasi ipo, wala si uongo. Simama unapoiona antena, gigabiti hiyo hapo. Piga kona tu, imekata. Ukiingia dukani ndo basi kabisa, maana vioo vya huku vina utando wa metali wa kuzuia joto lisitoke, na wimbi lenyewe lina urefu wa milimita kumi hivi tu. Hata kiganja chako kinaliziba.

Mvua mnaiogopa bure. Kwa mita 150 hata ya masika haifui dafu. Adui ni majani! Unafunga nguzo Februari mti ukiwa mtupu, vipimo safi. Juni simu zinaanza kupigwa, upande mzima wa mtaa hauna kitu.

Halafu kila nguzo inataka faiba (waya wa kioo wa kupitisha data), umeme na kibali cha jiji. Pesa inaishia humo.

Bint_Pwani: Korea Kusini wenyewe imewashinda. Mwaka 2018 kampuni tatu zilipewa GHz 28 kwa sharti la kujenga vituo 15,000 vya kurushia mawimbi kila moja. Hakuna iliyokaribia. Serikali ikazinyang'anya mbili mwaka 2022, ya tatu 2023. Na Seoul faiba imejaa!

Mzee_wa_Swichi: Duh. Na uwanja wa Mkapa je, siku ya Simba na Yanga?

FundiNguzo: Hapo sasa umenena. Watu 60,000 wamekaa sehemu moja, hakuna kuta, antena zinawatazama kutoka juu. Viwanjani na vituo vikubwa vya treni ndiko ninakoiona ikilipa. Mtaani waweke 5G ya masafa ya chini zaidi, GHz 3.5, wasijisumbue. Ila simu nazo ziangaliwe: iPhone 12 ya Marekani ina antena hizo, iliyotengenezwa kwa masoko mengine haina.